Saa Iliyofika Hai

Bodo
Jumapili, 5 Mei 2024

Kwako mume wangu wa mdomoni, Swabir,

Salaam aleikum. Ukiisoma barua hii utakuwa umeshakula wali wangu, umeshanitania mbele ya wazazi wangu mpaka mama akajifuta machozi kwa kucheka, na umeshaondoka na saa mkononi. Ndivyo alivyotaka Babu Abubakar, Mungu amrehemu: saa moja, wajukuu wawili, ikae kwako kidogo na kwangu kidogo, na anayeitoa aandike habari zake kwa kalamu, si kwa simu. Alisema saa yake isihame kimya kimya kama mwizi. Basi natii.

Habari zake ni njema, ila moja. Msimu wa Idi nilikuwa na kanzu za watoto tele za kushona, na saa ilishiba. Haina betri, haitiwi ufunguo, chakula chake ni mkono wa mwenyewe, na mkono unaozungusha gurudumu la cherehani kutwa nzima haulazi saa na njaa. Kioo nilikisugua kwa dawa ya meno kama Babu alivyotufundisha, ile mikwaruzo uliyoileta kutoka Mackinnon Road imetoka yote. Usiniletee mingine.

Hilo moja ni hili. Nilimpelekea Mwanzia, fundi saa wa Ukunda, aisafishe ndani. Akaisafisha vizuri, kisha akaniambia, "Madam, hii saa ilikuwa imepotea masaa sita, na siku inachange jioni. Nimekurekebishia." Nusura nilie. Unajua Babu alivyoiweka: jua likizama akrabu zote ziko juu kwenye kumi na mbili, na kidirisha cha siku hugeuka papo hapo. Alhamisi ikiadhiniwa magharibi, kidirisha chaonyesha Ijumaa, kwa sababu kwetu Ijumaa imeshaingia. Sasa yageuka usiku wa manane, wakati hakuna wa kuitazama. Nimejaribu kuirudisha, nikaogopa kuvunja kitu. Wewe una vidole vya spana, irudishe.

Mkanda ule wa zamani umechoka. Mimi naufunga tundu la mwisho, wewe la nne, kwa kuwa kifundo chako ni kama mchi, na katikati umeanza kupasuka.

Mtani wako mwenye subira,
Hasina Salimu


Mackinnon Road
Jumamosi, 15 Juni 2024

Kwako mke wangu niliyeandikiwa tangu tukiwa tunanyang'anyana ukoko,

Waaleikum salaam. Nakuja na Idi, na saa, na barua hii utakayoisoma nikishaondoka. Posa yangu bado iko pale pale: mbuzi mmoja mwenye jicho moja na debe la mafuta machafu ya lori. Mjomba Salimu akitaka zaidi ya hapo ana tamaa, na umwambie mimi ndiye niliyesema.

Babu yuko radhi sasa. Nimeirudisha. Niliizungusha polepole baada ya kufunga duka, na Alhamisi jioni nikakaa nje na kikombe cha chai nikiingoja. Adhana ikaanza, kidirisha kikatikisika, Ijumaa ikaingia. Wale madereva wa malori waliokaa karibu yangu walidhani nimepata habari ya mtoto, kwa jinsi nilivyocheka peke yangu. Nikawaeleza. Mmoja wao, Munyoki, akaniuliza kama saa yangu yaweza kumgeuzia na tarehe ya mshahara.

Shida yangu hapa ni kukaa. Kuuza vipuri ni kazi ya kitako, na nikikaa, nayo yalala. Kwa hiyo nimekuwa nikijitolea kubeba. Kila springi na kila tairi inayoingia, mimi mbele. Tajiri wangu anasema hajapata kuona kijana mwenye bidii hivi, anafikiria kunipandisha cheo. Sikumwambia nailisha saa.

Mkanda mpya ni wa ngozi ya mbuzi. Nimeukata mwenyewe, nimeutoboa mwenyewe kama ule wa zamani, la nne langu na la mwisho lako, yaliyobaki hayana mwenyewe. Ukitokwa na jasho usiuache ukaukie juani, ngozi itakakamaa.

Ukweli ni kwamba siku za zamu yako mkono wangu wa kushoto huwa mwepesi mno. Hujikuta naitazama ngozi tupu nikiuliza saa ngapi. Haya, usinicheke.

Mumeo,
Swabir


Bodo
Jumapili, 21 Julai 2024

Kwako mume wangu mwenye mbuzi chongo,

Mkanda ni mzuri. Nimesema mara moja, sitarudia, kichwa chako kisije kikashindwa kupita mlangoni.

Saa yakwenda, yageuka na adhana, mama sasa huitazama kabla ya kuchukua udhu. Mvua ilipozidi niliona ukungu mdogo ndani ya kioo, nikaizika ndani ya mchele mkavu tangu alfajiri mpaka adhuhuri, ukatoka. Usiende nayo kisimani.

Leo umekuja, umekula, umeniita mke wangu mbele ya jirani, watu wamecheka, nami nikashindwa kukuambia jambo uso kwa uso. Kwa hiyo naliandika.

Nimeposwa. Posa ya kweli, si yetu. Anaitwa Alamin, ni mhasibu katika hoteli moja ya Diani, watu wake ni wa Gazi, watu wa heshima. Mama yake alikuja na wazee wawili. Alamin mwenyewe nimezungumza naye mara moja mbele ya mama, ni mpole, hacheki ovyo. Anavaa saa ya kisasa inayomhesabia mapigo ya moyo na kumwambia asimame akikaa sana. Ilimwambia asimame tukiwa tunazungumza, naye akasimama. Akanitumia saa ya dhahabu, ndogo kama kitufe, ya betri. Iko ndani ya kisanduku chake, sijaivaa. Yaenda tu mle sandukuni, haihitaji mtu.

Baba ameomba muda, nao wamesema hawana haraka.

Ila nimewaza hili. Nikiwa mke wa mtu haitafaa kupelekeana vifurushi na mtani wangu wa kiume kila mwezi. Babu hakuliona hilo alipotugawia. Itabidi saa ikae kwa mmoja. Wewe wasemaje, Swabir? Niambie wewe.

Hasina


Mackinnon Road
Alhamisi, 22 Agosti 2024

Kwa Bi Hasina binti Salimu,

Salaam aleikum. Natumai nyote hamjambo, na kwamba Mjomba Salimu na Mama wako katika afya njema.

Nimeipata habari yako na nimeifurahia. Nimemuuliza mtu anayemjua bwana Alamin, akanisifia kuwa anasali na hana deni la mtu. Mwenyezi Mungu awape la kheri.

Kuhusu saa, ikae kwako. Wewe ni binti wa mwana wa kiume wa Babu, nawe ndiye unayejua kukitunza kioo. Mimi huku kuna vumbi.

Kazi imenibana, sitaweza kuja. Saa na barua hii nimempa Ngala, kondakta wa lile basi la Voi kwenda Lunga Lunga. Anavichukua leo jioni, kesho gari hupumzika Mombasa, Jumamosi mchana atakukabidhi kwenye njia panda ya Bodo.

Saa ilikuwa nzima mwezi wote. Sina zaidi.

Wako katika heshima,
Swabir


Bodo
Jumapili, 1 Septemba 2024

Kwa Bwana Swabir mwenye heshima zake,

Barua gani ile? Nimeisoma mara ya kwanza nikadhani imeandikwa na karani wa chifu. Mbuzi yuko wapi? Debe la mafuta liko wapi? Tangu nizaliwe hujaniita binti Salimu. Nilimsomea mama, akaniambia labda una homa. Mimi naona una hasira nami kwa sababu ya saa, na kama ni hasira, nitukane basi, kama tulivyozoea. Nilikaa nayo barua hiyo nikaumia kwelikweli.

Saa siitaki kwa namna hiyo. Nairudisha, ni zamu yako, na mpaka nitoe jawabu kwa watu wa Gazi utaratibu wa Babu haujavunjika.

Na kuna jambo la Ngala. Saa uliyompa Alhamisi jioni ilifika Jumamosi mchana yakwenda, sawasawa, bila kukosea. Saa yetu ni mzee, Swabir. Ikivuliwa ikalazwa haimalizi siku ya pili, mimi na wewe twajua. Ngozi ya mkanda ilikuwa na unyevu wa jasho, na mkunjo uko kwenye tundu la nne. Huyo kijana ameivaa siku mbili, anawanyooshea abiria mkono wa kupokea nauli ili waione. Nimemwambia akirudia nitamshonea mifuko yote ya suruali. Amecheka tu.

Safari hii nimeifunga kwa kitambaa na fundo langu la fundi cherehani. Tuone.

Mtani wako, utake usitake,
Hasina


Mackinnon Road
Alhamisi, 19 Septemba 2024

Kwa Hasina,

Sina hasira nawe. Sijapata kuwa na hasira nawe hata siku ulipokitumbukiza kiatu changu chooni.

Babu alisema tuseme ukweli wa saa, kwa hiyo nausema: ilifika imekufa. Fundo lako lilikuwa zima, nililifungua kwa meno. Nikaitikisa, ikaamka. Ngala hana kosa, usimshonee mifuko, ana mke. Kule kufika hai kwenu nadhani ni mtikiso wa barabara tu.

Sikukuita mke wangu kwa sababu hukuniuliza swali la utani safari hii, nami sikuwa na jawabu la utani. Mtu aliyeposwa kweli hafai kuitwa mke na mtu mwingine, hata kwa mzaha. Nimesema neno hilo mara nyingi mno, Hasina, limekuwa kama noti iliyopita mikono mingi, haisomeki tena.

Siku ya harusi yako nitafanya wajibu wa mtani. Nitasimama mlangoni nimeufunga, Alamin hatapita mpaka alipe, nami nitamkamua sana. Jiandaeni.

Saa naileta tena kwa mkono wa Ngala, Jumamosi, palepale. Hii iwe mara ya mwisho. Tafadhali ikae.

Swabir


Bodo
Jumapili, 22 Septemba 2024

Kwa Ngala,

Habari za kazi. Jana umenipa saa ya babu yangu yakwenda, mkanda una jasho, mkunjo kwenye tundu la nne. Nimeutazama mkono wako uliponirudishia chenji. Mkono wako ni mwembamba kuliko wangu, saa ile ikifungwa tundu la nne itakupanda mpaka kwapani. Kwa hiyo siyo wewe uliyeivaa, na nakuomba radhi kwa maneno yangu ya siku ile.

Swali langu ni moja. Ni nani? Mtoto anayekuletea barua hii ana mahamri sita ndani ya mfuko. Ukijibu ukweli, wiki ijayo yatakuja kumi na mawili.

Hasina


(Nyuma ya karatasi ileile)

Dada Hasina, salamu sana.

Mahamri nimeyapata, asante, yana iliki ya kutosha.

Mimi niliapishwa nisiseme, na kuapa nimeapa, kwa hiyo sisemi. Ila wewe ukiniuliza habari za gari, hilo nina ruhusa, ni kazi yangu. Nyuma ya dereva kuna kiti. Mwezi wa nane kulikuwa na abiria amekaa hapo, amepanda Mackinnon Road, amelipa nauli ya Bodo kamili. Kanzu imepigwa pasi. Tulipofika Msambweni akasema ashuke. Akavua saa, akaifunga, akanipa mimi, akasimama stendi mpaka gari likapotea. Mara ya pili amepanda tena, kanzu ileile, nauli ya Bodo. Safari hii alifika Ramisi. Alikuwa ametokwa na jasho kama amebeba gunia, na AC hatuna, lakini hata hivyo.

Dereva anamwonea huruma. Mimi namwona ni hasara, analipa Bodo anashuka njiani.

Hayo kumi na mawili usisahau.

Ngala


Bodo
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Swabir,

Wiki hii nilifanya jambo ambalo Babu angenipigia kelele. Nilivua saa, nikaiweka juu ya meza ya cherehani, nikaiacha. Sikuigusa. Siku ya pili alasiri ilikuwa imesimama. Kisha nikakumbuka uliniambia ni mtikiso wa barabara. Hebu niambie, ni barabara gani inayotikisa ikija kwangu, ikienda kwako yatulia?

Najua kiti cha nyuma ya dereva. Usimlaumu Ngala, hakusema neno, alinieleza habari za gari tu. Msambweni, kisha Ramisi. Naona wakaribia.

Nimecheka mpaka mama akaja kuuliza, kisha nikalia, kisha nikacheka tena. Uliniita mke wako tangu sijaota meno ya mbele. Uliniita hivyo sokoni, msibani, siku niliyofeli mtihani. Mbuzi chongo nimemsikia mpaka namjua kwa sura. Basi ningejua vipi? Kati ya watani, mtu akitaka kusema kweli atasema nini ambacho hakijachekwa? Nami ni hivyo hivyo. Nilipokuandikia kwamba nimeposwa nikakuuliza wasemaje, nilikuwa nakungoja useme jambo, ukanijibu kama karani.

Alamin sina ubaya naye hata kidogo. Ni mtu mzuri, na mke wake atastarehe. Watu wake wanakuja Ijumaa hii baada ya sala kuchukua jawabu, na baba anataka kauli yangu kabla Ijumaa haijaingia. Baba ni mtoto wa Babu, kwake Ijumaa yaingia Alhamisi magharibi, kidirisha kikigeuka. Zaidi ya hapo hatangoja, nami siwezi kuwaweka watu wa heshima barazani kwa ajili ya mtu anayeshuka Ramisi.

Kwa hiyo sikiliza. Saa nakuletea pamoja na barua hii. Sitaki unijibu kwa maneno, maneno yetu yote tumeyachezea. Kama ilikuwa utani, mpe Ngala saa Jumanne, aniletee Alhamisi. Itafika imekufa, nitaelewa, nitamkubali Alamin kwa moyo mweupe na hutasikia lawama kwangu mpaka naingia kaburini. Kama si utani, ivae. Lipa nauli ya Bodo na ushuke Bodo.

Naogopa kidogo, nakuambia ukweli.

Hasina


Bodo, nje ya mlango wenu
Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Hasina,

Utaratibu wa Babu ni anayeileta saa aandike habari zake, kwa hiyo naandika juu ya goti langu, na karatasi naipenyeza chini ya mlango. Samahani kwa mwandiko.

Saa ilifika kwangu imekufa, kama kawaida ya Ngala. Niliisoma barua yako nimesimama katikati ya springi za malori, nikaikaza saa tundu la nne, na tangu hapo nimeivua wakati wa udhu tu. Haikulala hata mara moja, kwa kuwa mimi mwenyewe sikulala. Tajiri wangu nilimwomba ruhusa, akauliza naenda wapi, nikamwambia naenda kuposa, akacheka. Hata yeye. Ikabidi niape.

Tulipofika Msambweni Ngala alinitazama kwa kioo cha dereva. Ramisi dereva akapunguza mwendo, nadhani kwa mazoea. Nikamwambia aende. Abiria hawakujua sababu, lakini Ngala alipopiga makofi nao wakapiga.

Siko peke yangu. Mama yangu yuko hapa, shangazi yako Husna, ameketi barazani anajipepea, na amekuja kwa baba yako kama dada mwenye haja, si kwa mzaha. Ana kilemba cha baba yako na kisutu cha mama yako, na posa halisi imo ndani ya mkoba wake. Mbuzi amebaki nyumbani. Baba yako ameshamwona kwa dirisha, akamuuliza kama tumekuja kutania, na mama akamjibu kwamba nauli ya watu wawili kutoka Mackinnon Road si ya kutania. Mjomba hakucheka. Akasema Hasina ndiye mwenye mlango.

Shida imebaki moja. Mtani wa kufunga mlango siku ya harusi nilikuwa mimi, na mimi siwezi kujizuia mwenyewe. Ngala anaitaka kazi hiyo. Anataka alipwe kwa mahamri.

Nakupenda, Hasina. Nimeandika neno hilo bila mbuzi, bila debe, na mkono wangu wenye saa uko mlangoni, weka sikio usikie kama yakwenda.

Mwadhini ameshapanda. Kidirisha bado chaonyesha Alhamisi. Fungua.

Swabir